Kumodifai Gari Bila Kupoteza Waranti: Mwongozo Kamili

Waranti haifi yote siku unapobadilisha rimu. Inavyokwenda ni hivi: kitu kinaharibika, gari linafika kwa wakala, fundi anatafuta chanzo. Akiona kwamba kifaa ulichoongeza ndicho kilicholeta uharibifu, dai la sehemu hiyo linakataliwa, na sehemu nyingine kwa kawaida zinaendelea kulindwa. Spika ulizofunga milangoni haziwezi kuifanya pampu ya maji ivuje. Lakini amplifaya iliyounganishwa ovyo inaweza kabisa kuunguza oltaneta, na hapo ubishi wako hautakuwa na miguu.

Sheria za nchi kadhaa zinaufuata mkondo huo. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kuweka sharti kwamba waranti itadumu tu ukinunua vipuri au huduma za jina fulani, labda avitoe bure au apewe ruhusa maalumu. Katika Umoja wa Ulaya, miongozo ya kanuni namba 461 ya mwaka 2010 inampa mwenye gari nafasi ya kufanya sevisi kwenye gereji huru bila kunyang'anywa waranti. Hakuna sheria kati ya hizo inayomlazimisha kiwanda kulipia kifaa ulichofunga mwenyewe, wala uharibifu kilioleta. Pasipo na sheria ya namna hiyo, mkataba wako ni kijitabu cha waranti, basi anzia hapo.

Kusoma kijitabu cha waranti

Gari moja huwa na waranti kadhaa ndani yake. Ya jumla hugharimia karibu kila kitu, na kwa watengenezaji wengi ni miaka 3. Ya injini, giaboksi na difu huwa ndefu zaidi, mara nyingi miaka 5. Iko ya bodi kutobolewa na kutu, na kwa magari ya umeme na ya haibridi iko ya betri kubwa, ambayo kwa kawaida ni miaka 8 au kilomita 160,000, kinachotangulia. Matairi na betri ndogo ya volti 12 huwa na masharti yao ya pembeni.

Chukua kalamu, tafuta ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na uweke alama kwenye kila sentensi inayotaja marekebisho, vifaa visivyoidhinishwa, mashindano, kuzidisha mzigo, na mabadiliko ya programu. Angalia neno linalotumika. "Uharibifu uliosababishwa na marekebisho" ni kitu kimoja. "Gari lililofanyiwa marekebisho" ni kitu kingine kabisa. La kwanza linamtaka wakala aonyeshe uhusiano, la pili linaweza kukutoa nje moja kwa moja. Lugha hii ya pili hupatikana zaidi kwenye waranti za nyongeza zinazouzwa na kampuni za nje baada ya ile ya kiwanda kuisha. Kama unayo ya aina hiyo, usifunge chochote kabla ya kuwaandikia na kupata jibu la maandishi.

Kabla ya kugusa boliti hata moja

Kama gari lina kasoro yoyote, hata mlio mdogo, lipeleke kwa wakala kwanza. Kasoro iliyoandikwa kwenye karatasi ya kazi kabla ya marekebisho haiwezi kusukumiwa marekebisho hayo baadaye. Hili linapuuzwa sana, na ndilo linalowagharimu watu.

Kisha unganisha kifaa cha kusoma makosa kwenye soketi ya OBD (ile ya kuichunguza kompyuta ya gari) na uhifadhi ripoti, iwe ina makosa au haina. Piga picha sehemu utakayofanyia kazi, pamoja na dashibodi ikionyesha kilomita. Kama utagusa miguu ya gari, omba karatasi ya vipimo vya alaimenti. Kama utagusa umeme, pima betri kwa mita: gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima huonyesha volti 12.5 hadi 12.7, injini ikinguruma, magari mengi huwa kati ya 13.5 na 14.7, ingawa oltaneta za kisasa zinazoongozwa na kompyuta hupanda na kushuka.

Vipuri vya awali usiuze wala usitupe. Vifunge kwenye boksi na boliti zake, uandike tarehe na kilomita.

Mambo ya sura

Stika, tinti ya vioo ndani ya kiwango cha sheria, mazulia, vishikio vya simu: haya hayana shida kubwa. Mawili tu ya kuangalia. Makava ya viti yasiyo na mshono maalumu wa kupasuka yanaweza kuzuia eabegi ya pembeni iliyomo ndani ya kiti, na hilo ni suala la uhai kabla halijawa la waranti. La pili ni matundu. Ukitoboa bodi ili kufunga keria, spoila au antena, umefungua mlango wa kutu. Safisha vyuma vilivyokatika, paka praima kwenye ukingo wa tundu, kisha rangi, kisha silikoni isiyo na asidi. Silikoni inayonuka siki hula chuma. Tundu lililoachwa wazi litakapoanza kutu, usitarajie waranti ya kutoboka ikusikilize kwa paneli hiyo.

Rimu na matairi

Hapa hesabu inatangulia macho. Kipenyo cha tairi zima kisitofautiane na cha kiwanda kwa zaidi ya asilimia 3. Wengi wanaojali hubaki chini ya asilimia 1.5. Chukua tairi la 205/55 R16, yaani upana wa milimita 205 na rimu ya inchi 16. Ubavu ni asilimia 55 ya 205, yaani milimita 112.75. Zidisha mara mbili, ongeza rimu (16 mara 25.4, yaani 406.4), unapata milimita 631.9. Ukiweka 225/45 R17 unapata 634.3, tofauti isiyofika hata nusu asilimia. Lakini ukibaki na rimu ya 16 na kuvaa 225/55, unafika 653.9, zaidi ya asilimia 3. Spidomita itadanganya, giaboksi itabadilisha gia kwa wakati usiofaa, na tairi linaweza kugusa matao.

Namba ya offset, ile inayoandikwa ET, ni milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, na ndiyo inayoua beringi. Ukitoka rimu ya 7J (upana wa inchi 7) ET45 kwenda 8J ET35, ukingo wa nje unasogea milimita 22.7 kwenda nje na wa ndani milimita 2.7 kwenda ndani. Mzigo unahama kutoka katikati ya beringi, na beringi inaanza kuunguruma mapema. Wakala akikuta spesa (kipande kinachowekwa kati ya rimu na habu) au ET iliyoshuka sana, dai la beringi au boljoint limekwisha, na kusema kweli ana haki. Baki ndani ya milimita 5 hadi 8 za ET ya kiwanda.

Tundu la katikati la rimu lilingane na habu. Likiwa kubwa, tumia pete za kujazia, la sivyo usukani utatetema. Namba ya uzito na herufi ya kasi zisiwe chini ya za kiwanda: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670, H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Funga nati kwa spana ya kupimia mkazo kufuata kitabu cha gari (magari mengi madogo huangukia kati ya 100 na 130 Nm), kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwenye gari linalosukuma magurudumu manne muda wote, badilisha matairi yote kwa pamoja. Matairi yenye vipenyo tofauti hulifanya difu la katikati lizunguke bila kupumzika mpaka lipate joto na kuungua, na fundi wa wakala hupima matairi kabla hajafungua difu.

Kuinua au kushusha gari

Springi na shokamzoba ulizofunga zinatoka kwenye waranti ya kiwanda na kuingia ya aliyezitengeneza. Swali ni vinavyozizunguka: ekseli za mbele, mabushi, boljoint, na usukani. Kila sentimita unayoinua inaongeza pembe ya ekseli, na buti la mpira linapopasuka, grisi inatoka na mchanga unaingia. Kuinua kwa sentimita 2 hadi 3 kwenye gari la kawaida huvumilika. Ukienda sentimita 5 bila kurekebisha mikono inayoshika magurudumu na ekseli, unajitafutia kesi.

Kosa linaloua mabushi halihusiani na kimo hata kidogo. Mafundi wengi hukaza boliti za mikono ya chini gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi linakazwa likiwa limekaa katika pembe ya kuning'inia, gari likishuka linajisokota, na baada ya miezi michache linachanika. Boliti hizo zikazwe magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Kisha fanya alaimenti siku hiyohiyo na uhifadhi karatasi, rekebisha mwelekeo wa taa, na kama gari lina kamera ya kioo cha mbele au rada ya kuzuia ajali, ifanyiwe kalibresheni upya. Ngao ya mbele (bulbaa) ikikaa mbele ya rada, mfumo utazima au utafunga breki ovyo. Vilevile inaweza kubadilisha jinsi sensa za ajali zinavyosoma mgongano, kwa hiyo nunua iliyopimwa kwa modeli yako hasa.

Umeme: hapa ndipo madai mengi yanapokufa

Gari la kisasa lina kompyuta nyingi zinazozungumza kwenye nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, yaani mtandao wa CAN. Ukidokoa umeme hapo, au kwenye nyaya za sensa, au kwenye chochote chenye soketi ya njano (hiyo ni ya eabegi), umejifunga kitanzi. Kila kosa la umeme litakalotokea, hata lisilohusika, litaanzia kwenye ule waya wako.

Tuseme unafunga taa za ziada za wati 120. Kwa volti 12, hizo ni ampea 10. Fanya hivi.

Toa waya wa hasi wa betri, ukiwa na kodi ya redio kama inahitajika. Vuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka chanya ya betri, uweke fyuzi ya ampea 15 karibu na betri iwezekanavyo, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inalinda waya, hailindi taa. Ikiwekwa upande wa taa, waya ukichunika katikati na kugusa bodi hakuna cha kuukata, na moto unaanza. Waya uingie mguu namba 30 wa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya ampea 30 au 40. Namba 87 uende kwenye taa. Namba 85 uende bodini. Namba 86 upokee umeme kutoka kwenye swichi, na swichi ipate umeme wake kwenye kisanduku cha fyuzi kupitia adapta ya kuchomeka, ile yenye nafasi mbili za fyuzi.

Adapta hiyo ina upande. Mguu unaolisha fyuzi zote mbili ukae upande unaoingilia umeme. Ukiigeuza, mzigo wako mpya unapita kwenye fyuzi ya zamani pia na kuilemea. Chagua nafasi ya kitu kisicho na maana kubwa, kama soketi ya kuchajia simu. Usiguse fyuzi za injini, breki wala eabegi.

Waya wa hasi ufunge kwenye bodi au kwenye boliti ya ardhi iliyowekwa na kiwanda, usiufunge moja kwa moja kwenye nguzo hasi ya betri. Magari mengi yana sensa ndogo pale kwenye nguzo inayohesabu umeme unaotoka na kuingia. Ukiipita, kompyuta inapoteza hesabu, betri haichajiwi ipasavyo, na mfumo wa kuzima injini kwenye foleni unaacha kufanya kazi.

Vibano vya plastiki vinavyong'ata waya ili kuunganisha mwingine usivitumie. Vinakata nyuzi za ndani na kuruhusu unyevu. Tumia soketi za kubanwa kwa koleo lake, pamoja na mirija inayosinyaa kwa joto, na pitisha nyaya mbali na ekzosi na sehemu zenye kucheza.

Mwisho pima uvujaji. Zima gari, funga milango, subiri dakika 30 hadi 60 kompyuta zote zilale, kisha soma ampea zinazotoka. Chini ya milliampea 50 ni salama. Kikisomeka 200, gari linapoteza karibu ampea-saa 5 kwa siku, na betri ya 60 itakuwa nusu tupu ndani ya juma. Andika namba hiyo. Siku ambayo betri itakufa na wakala aisingizie alamu au kamera yako, karatasi hiyo ndiyo ya kumwonyesha. Kamera ya dashibodi inayorekodi gari likiwa limeegeshwa iwe na kikatio kinachozima volti zikishuka hadi 12.2 hivi.

Redio na keria ya kuvutia trela vina nyaya maalumu za kuchomeka kwa kila modeli. Zinunue hizo. Hakuna waya wa kiwanda unaokatwa, na siku ya kurudisha gari kama lilivyokuwa ni dakika 20 tu.

Hewa na ekzosi

Chujio la hewa la kutumika tena lina hatari moja: mafuta yake. Yakizidi, yanafikia sensa ya kupima hewa na kuifunika kwa utando. Sensa inasoma hewa pungufu, injini inapewa petroli kidogo, na kosa P0171 (mchanganyiko wenye petroli pungufu) linajitokeza. Baada ya kuliosha na kulipaka, liache mpaka mafuta yaenee na yasidondoke. Chujio linalopitisha vumbi ni baya zaidi, kwa sababu vumbi ni silika na silika inasaga pete za pistoni. Sampuli ya oili ikipelekwa maabara, silika huonekana kwa namba. Faida ya nguvu kwenye injini isiyoguswa ni ndogo mno, na kwa maoni yetu chujio la kiwanda linalobadilishwa kwa wakati linashinda hesabu hiyo yote.

Ekzosi ibadilishwe kuanzia nyuma ya katalisti, ile ambayo mafundi huiita masega. Huko nyuma hakuna sensa inayotegemewa na injini kwenye magari mengi ya petroli, na kinachobadilika zaidi ni sauti. Ukitoa masega yenyewe, sensa ya pili ya oksijeni itagundua, P0420 itawasha taa ya injini, na katika nchi nyingi umevunja sheria ya moshi pia. Hapo waranti ya mfumo wote wa moshi imeondoka. Kwenye dizeli, kutoa kichujio cha masizi ni kosa la aina hiyohiyo, na kubwa zaidi.

Kubadilisha programu ya injini

Hakuna njia ya kulisema hili kwa upole: ukipiga tyuni, chukulia kwamba waranti ya injini na giaboksi umeiuza. Tyuni inaongeza shinikizo la tabo na muda wa cheche, na torki inapanda mapema kwenye mizunguko ya chini, mahali ambapo pistoni na fito zinaumia zaidi. Giaboksi nazo zina mipaka yake. DSG ya gia 7 yenye klachi kavu ya Volkswagen, DQ200, imetengenezwa kwa torki isiyozidi Nm 250, na tyuni ya kawaida huivuka bila jasho.

Wengi hudhani kurudisha programu ya kiwanda kabla ya kwenda kwa wakala kunafuta nyayo. Hakufuti. Kompyuta nyingi huhesabu mara zilipoandikwa upya. Kila programu ina namba ya uhakiki inayolinganishwa na ya kiwanda. Kundi la Volkswagen huliwekea gari alama ya TD1 kwenye mfumo wake mkuu, na ikishawekwa, kila wakala anaiona. Porsche hutunza hata rekodi ya injini kuzungushwa kupita kiasi, kwa ngazi na kwa saa ya injini. Vile visanduku vinavyochomekwa kati ya sensa na kompyuta haviandiki programu upya, lakini vinaacha takwimu zisizolingana: mafuta mengi kuliko hewa iliyotajwa, au shinikizo lisiloendana na mzigo. Tena, kuficha ili ulipwe ni udanganyifu, si ujanja.

Anayetaka nguvu na waranti pamoja ana njia nyembamba: vifaa vya nguvu vya mtengenezaji mwenyewe, mfano TRD ya Toyota au Ford Performance. Hata hapo soma lebo ya kila kipuri, kwani baadhi vimeandikwa ni vya mashindano tu na havina waranti yoyote. Vile vyenye waranti kwa kawaida hutaka kufungwa na wakala. Omba karatasi ya kazi itaje namba ya kipuri, namba ya chesisi, kilomita, na maneno kwamba waranti inaendelea. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haina uzito siku ya dai.

Mfumo wa gesi uwekwe kwenye kundi hilihili. Gesi haina ulainishaji wa petroli kwenye vikalio vya vali, na injini isiyotayarishwa kiwandani huanza kula vikalio hivyo. Kama mtengenezaji anauza toleo la gesi la gari lako, nunua hilo.

Kwenye magari ya umeme, nyaya za rangi ya machungwa na betri kubwa haziguswi na mtu yeyote asiye wa kiwanda. Kutoboa sakafu kufunga kitu, ukiwa hujui betri iko wapi, kunaweza kumaliza waranti ya betri na gari lenyewe kwa tundu moja.

Faili la gari

Weka risiti za vipuri na za kazi, picha za kabla na baada, mkazo uliotumika kwenye boliti, na ripoti za OBD. Sevisi ifanywe kwa muda na kwa oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, si mnato tu. Oili ya 5W-30 zipo nyingi, lakini gari linalotaka ACEA C3 (daraja la ubora la Ulaya) halitosheki na nyingine. Unapopeleka gari sevisi, mwambie msimamizi ulichofunga na umwombe akiandike.

Dai likikataliwa

Usiruhusu kipuri kilichoharibika kitupwe, wala injini ifunguliwe kabla ya kuelewana nani atalipia ufunguaji. Kisha omba sababu kwa maandishi, na iwe sababu ya kiufundi: kifaa gani kimeleta uharibifu gani, kwa njia gani, na vipimo gani vimeonyesha hivyo. "Gari limemodifaiwa" si sababu. Ukiipata barua hiyo, mtafute mkaguzi wa magari asiye na uhusiano na wakala, umpe faili lako na kipuri chenyewe, aandike maoni yake. Peleka vyote kwa ofisi ya mtengenezaji, si kwa wakala, kwa sababu mara nyingi wakala hana mamlaka ya kubatilisha uamuzi ilhali meneja wa kanda wa kiwanda anayo. Wakikataa tena, kinachofuata ni chombo cha kutetea walaji au mahakama ya madai madogo.

Wakati huo wote usilirudishe gari katika hali ya kiwanda. Ukilirudisha katikati ya mgogoro, umeondoa ushahidi ambao ungeweza kukusaidia, na utaonekana uliyekuwa na la kuficha. Likarabatiwe pale tu pande zote zikishakagua na kupiga picha zao.